Nguo nyeusi mbele ya makoro: picha zinatoka majivu, na mama anauliza nani amefariki

Kivuli_wa_Himbi
Habari za jioni wapendwa. Niko Goma, Himbi. Mwaka wa pili sasa najishonea nguo nyeusi tupu: koti refu lisilo na vifungo, suruali pana inayoshuka mpaka chini, shati ambalo mkono mmoja umeuzidi mwingine kwa shubiri nzima. Yaya, ndugu yangu mkubwa aliyewahi kukaa Kinshasa, ndiye aliyenitajia Yohji Yamamoto, mbunifu wa mavazi wa Kijapani, maana watu wa sape kule, wale wapenzi wa kuvaa kifahari, wanamjua vizuri. Kutoka hapo nikamfikia Rei Kawakubo, mbunifu Mjapani mwenzake. Hao wawili walipeleka weusi wao Paris mwaka 1981, nguo pana zisizobana kiuno, nyingine zikiwa na matundu ya makusudi. Nilipoziona, usingizi ulinipotea.

Nina shida mbili. Ya kwanza ni picha. Namsimamisha mdogo wangu mbele ya ukuta wa makoro, haya mawe meusi ya volkano, saa sita saa saba hivi, kwa kamera ya kuazima. Koti linatoka rangi ya majivu. Nikipunguza mwanga, kila kitu kinakuwa shimo moja: mshono hauonekani, mkunjo hauonekani, uso unazama. Jana nilipiga 140, nikabaki na mbili.

Ya pili ni mama. Majirani wanamuuliza kilio kiko wapi. Jumapili aliniambia, "Mwanangu, unatuitia msiba." Simdharau hata kidogo. Ila mimi katika weusi naona umbo la nguo. Rangi zingine zinanifichia. Nisaidieni.

FundiMwanga
Ndugu, kamera haijui kwamba koti ni jeusi. Imetengenezwa kuchukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Ukiipa weusi juu ya weusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Ndiyo hayo majivu. Kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, shusha hatua moja, au moja na nusu, na ulenge fokasi kwenye uso, si kwenye koti.

Lakini kinachokuua zaidi ni hiyo saa sita. Hapa tuko karibu na ikweta, jua linakaa utosini, makoro yanapoteza matundu yake yote na macho ya mtu yanakuwa mashimo. Toka saa kumi na moja jioni, jua likilala upande wa Sake. Mwanga uje ubavuni, nyuma kidogo, ukwangue bega. Ule uzi mwembamba wa mwanga begani ndio unaolitenga koti na ukuta. Uso uurudishie mwanga kwa shuka nyeupe au kipande cha bati jipya. Na uwe umejipanga, kwa sababu kwetu jua likizama unabaki na dakika chache tu.

Jingine: pigia ndani ya ua. Kamera isielekee askari wala kambi, hata kwa bahati mbaya.

Cherehani_Birere
Mimi nauliza: koti zima ni kitambaa kimoja? Basi hata mwanga wa malaika hautakusaidia. Weusi si mmoja. Pamba inakunywa mwanga. Satini inaurudisha. Mahameli inaumeza wote, halafu inauachia kwenye ukingo wa mkunjo tu. Weka mwili wa pamba, kola ya satini, mkono mmoja wa mahameli, utaona koti linaanza kujisomea lenyewe.

Pia anika kivulini, ndani nje. Pamba nyeusi ikipigwa na jua inaelekea kahawia, na kamera inaona hata kabla ya jicho lako. Na usimlaze mdogo wako juu ya makoro. Yanakata kitambaa kama msumeno.

Mtoto_wa_Lushi
Salamu kutoka Lubumbashi. Huku tuna mpiga picha Sammy Baloji. Katika kazi yake ya mwaka 2006, Mémoire, alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi enzi ya Wabelgiji, akazipandikiza juu ya picha za viwanda vilivyochakaa leo. Uzito wote unatoka kwa mahali na kwa wale watu. Kwa hiyo achana na vichujio vya simu vinavyotia ukungu wa uongo. Makoro yako yanatosha.

MamaBuhene
Mwanangu, mimi sijui kamera. Makoro nayajua. Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei 2021 jioni, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tulitoka na watoto na godoro moja. Nyumba yetu ya vyumba vitatu iko chini ya hayo mawe. Vijana wanakuja, wanapanda juu, wanapiga picha, wanaondoka bila hodi. Ukija kwetu, bisha. Tutakuonyesha mahali pa kusimama na mahali pa kuacha.

Na mama yako usimweleze habari za Paris. Anaona nguo ya matanga kwa sababu ndiyo nyeusi pekee aliyowahi kushonewa. Mwite akushikie hiyo shuka nyeupe.

Kivuli_wa_Himbi
Nimerudi. Jana saa kumi na moja na nusu, ukuta wa nyuma ya nyumba. Mama alishika shuka, akalalamika mikono inachoka, lakini hakuiachia. Nilishusha hatua moja na nusu. Bega la mdogo wangu lina mstari mwembamba kama uzi wa fedha, na nyuma yake kila tundu la jiwe limejaa kivuli chake. Jicho moja linaonekana. Nimepiga 22, nimebaki na tisa.

MamaBuhene, nitakuja Jumamosi bila kamera kwanza.

Usiku mama aliuchukua ule mkono mrefu, akaukunja mara mbili, akauachia, akaangalia unavyoanguka. Akauliza koti limekula mita ngapi. Nikamwambia tatu na nusu. Akasema lake likate fupi, lisiguse matope.

Cherehani_Birere, mahameli nyeusi huko kwenu mita moja ni bei gani siku hizi?