Watu wa kebo Tanga mnatufunga splita (kifaa cha kugawa waya mmoja uende sehemu nyingi) juu ya splita halafu mnatuambia tununue kifurushi kikubwa!!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Niko Ngamiani, nyumba ya wapangaji, TV na intaneti vyote vinaingia kwa waya mmoja kutoka nguzoni. Nalipia Mbps 10 kila mwezi bila kuchelewa, lakini ikifika jioni mtandao unakata, unarudi, unakata, taa ya modemu (kile kiboksi cha intaneti) inapepesa tu. Ukipiga huduma kwa wateja ni zima washa dada. Ukizima ukawasha unaambiwa kifurushi chako kidogo, panda cha juu. Nipande kwenda wapi wakati hiki ninacholipia chenyewe sikipati??

Fundi wao akija anawasha TV, anaona picha safi, anasema mawimbi yapo mama, tatizo ruta yako. Hapo ndipo ninapochemka kabisa. TV inapokea tu, haina cha kurudisha! Modemu inapokea na kurusha kwa waya huohuo, kwahiyo TV inaweza kuonyesha vizuri na modemu iko taabani. Fundi wa kebo asijue hilo kweli?

Nikamuita kijana wa madishi wa mtaani tukafuata waya. Chini ya bati wamefunga splita ya njia nne ya vyumba vya wapangaji, midomo miwili haina kitu iko wazi inakula upepo wa bahari, konekta zimeota kutu ya kijani. Inayokuja kwangu ikifika sebuleni inakatwa tena na splita ya njia mbili, TV huku modemu kule. Sasa pigeni hesabu, njia nne inakula kama desibeli 7 (kipimo cha nguvu ya mawimbi inayopotea, kila desibeli 10 zikipotea inabaki sehemu moja ya kumi), njia mbili 3.5, jumla 10.5, maana yake modemu inapata chini ya sehemu moja ya kumi ya kilichoingia nyumbani na hapo waya wenyewe na kutu sijahesabu.

Tukafungua 192.168.100.1, ukurasa wa modemu wenyewe, kwenye simu, nguvu ya mawimbi ya kupokea -14 dBmV (desibeli za kebo), kurusha 53, yaani modemu inapiga kelele mpaka mwisho wa sauti yake ndio isikike huko kwao. Tukaunga waya wa nje moja kwa moja kwenye modemu, kupokea ikawa -3, kurusha ikashuka 43, mtandao ukatulia tuli. Ikabidi turudishe maana wapangaji TV zimezima na wao wanalipa pia.

Kwahiyo dawa inajulikana na ni rahisi. Waya ukiingia tu splita ya njia mbili, mguu mmoja uende modemu bila kukatwa popote, wa pili ndio uende kwenye njia nne ya TV, midomo mitupu ifungwe vifuniko vya omu 75 (vya kuzima mawimbi yasirudi nyuma), konekta za nje zibadilishwe. Na splita iwe imeandikwa 5-1000 MHz, yaani masafa ya kebo, msituletee za dishi zinazoanzia 950, hazipitishi masafa ya chini ambayo modemu inarushia.

Nimewaambia yote haya, jibu lao nitoe hela ya splita na nauli ya fundi. Waya wamevuta wao, splita wamefunga wao, hela nitoe mimi! Sitoi. Nimeshaandika malalamiko rasmi kwao, wakikaa kimya napeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Mlioko Makorora, Chumbageni, Mikanjuni mnaotumia kebo, fungueni huo ukurasa wa modemu mweke hapa namba zenu za kupokea na kurusha, nataka nizibebe zote.