Ushauri: Kijana wangu kipa wa hoki ya barafuni ameitwa kambi ya Slovenia, na mimi moyo uko Kenya

MtuWaLikoni

Wakuu, salaam. Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka, leo nimekuja na langu.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Likoni. Nina mwaka wa 17 sasa Slovenia, mji unaitwa Jesenice, chini ya milima, jirani na mpaka wa Austria. Mke wangu ni mwenyeji wa hapa. Kijana wetu ana miaka 15 na ni kipa wa hoki ya barafuni. Kwa asiyeujua mchezo: watu 6 kila upande pamoja na kipa, viatu vyenye vyuma chini, wanagombea kisahani cha raba ngumu kwa magongo, vipindi 3 vya dakika 20. Kisahani hicho mtu mzima akikipiga kinakwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na mwanangu ndiye anayesimama mbele yake.

Mji huu ni wa chuma na hoki, basi. Babu yake mzaa mama alitumika kiwanda cha chuma hadi akastaafu, na ukikaa naye meza moja lazima akuhesabie makombe 23 ya ligi ya Yugoslavia ambayo klabu ya Jesenice ilitwaa. Anže Kopitar, aliyechukua Kombe la Stanley, kombe la ligi kubwa ya hoki ya Amerika, mara 2 na Los Angeles Kings, mwaka 2012 na 2014, alikulia Hrušica, kijiji cha hapo jirani. Watoto wa huku wanajifunza kuteleza kama sisi tulivyojifunza kuogelea pale kivukoni, bila kufundishwa na mtu.

Wiki iliyopita imekuja barua. Kijana ameitwa kambi ya timu ya taifa ya vijana. Babu yake alilia. Nami nilifurahi, wallahi nilifurahi, lakini usiku sikupata usingizi.

Septemba 2024 Kenya ilipokelewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni, IIHF. Habari hiyo niliisoma kwenye simu nikiwa zamu ya ghalani, ikabidi nitoke nje nisimame kidogo peke yangu. Tulipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilimpeleka kijana hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, penye ule uwanja wa barafu wa Nairobi. Akaingia na vijana wa Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, jioni moja. Tangu siku ile namwona golini na jezi ya Kenya. Nyanya yake Likoni barafu anayoijua ni ya kwenye friji, na ningependa kabla hajafa aione picha hiyo.

Maswali yangu ni mawili. Akivaa jezi ya Slovenia, mlango wa Kenya umefungwa? Na je, niizuie barua kwanza? Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mkwawa_Jr

Hongera mkuu, umelea.

Mimi nasema aende, tena mapema. Hao Slovenia ni watu milioni 2 tu, Dar peke yake imewazidi zaidi ya mara mbili. Walijitenga na Yugoslavia mwaka 1991, IIHF wakaingia 1992, na kufika 2014 walikuwa kwenye Olimpiki ya Sochi wakiwafunga Slovakia 3-1 na Austria 4-0. Kocha wao pale alikuwa Matjaž Kopitar, baba mzazi wa huyo Anže. Baba kwenye benchi, mtoto uwanjani, timu ya taifa! Ukitaka picha ya kumwonyesha mama Likoni, hiyo nayo ni picha.

Na Olimpiki ya 2018 Pyeongchang ndiyo ilinifanya niupende mchezo huu. Ligi kubwa ya Amerika ilikataa kuwaachia wachezaji, kwa hiyo Slovenia hawakuwa na Kopitar. Wakapangiwa Marekani mechi ya kwanza, wakafungwa 2-0. Kipindi cha tatu wakarudisha moja, na zikiwa zimebaki dakika chini ya 2 nahodha Jan Muršak akasawazisha. Muda wa nyongeza haujamaliza hata dakika, Muršak tena. 3-2. Nilikuwa naangalia kwa simu kitandani, nikapiga kelele mke wangu akadhani tumeingiliwa.

Sisi wa Tanzania mtoto wa namna hiyo akifika utu uzima lazima achague paspoti moja, uraia pacha haupo. Wako anazo zote mbili. Usimnyang'anye moja kwa mkono wako mwenyewe.

Mama Wawili

Kaka, mada yako nimeisoma mara mbili. Babu amelia. Wewe hukulala. Nyanya ataona picha. Mwenye kupigwa na hicho kisahani anasema nini? Hakuna mahali umeandika. Na mama yake je?

RefaMstaafu_Toronto

Ndugu yangu wa Likoni, acha hisia kidogo tuangalie kanuni, maana nadhani unajitesa kwa uamuzi ambao hauko mezani.

Kijana ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa, kwa kuwa wewe ulikuwa Mkenya alipozaliwa. Katiba ya 2010 haijali alizaliwa nchi gani. Na ni raia wa Slovenia kupitia mama. Hapo sawa. Lakini kwa IIHF paspoti peke yake haitoshi. Mchezaji mwenye uraia wa nchi mbili ambaye hajachezea timu yoyote ya taifa anatakiwa awe amecheza katika mashindano ya ndani ya nchi anayoitaka kwa misimu 2 mfululizo, miezi 16 isiyokatika, yaani siku 480, na iwe baada ya kutimiza miaka 10.

Sasa pima mwenyewe. Kwa Slovenia ameshatimiza zamani, anacheza hapo tangu utotoni. Kwa Kenya hajaanza hata siku ya kwanza. Ukiichana barua ya Slovenia leo, kesho hawezi kudakia Kenya kwenye mashindano rasmi. Itabidi akaishi Kenya na kucheza chini ya shirikisho la Kenya muda huo wote. Jioni moja Panari haihesabiki. Kwa hiyo kuizuia barua hakumpi Kenya, kunamnyima Slovenia tu.

Kanuni hii haikutungwa kuwaonea watoto wa diaspora. Iliwekwa kwa sababu kuna nchi zingejaza timu kwa paspoti. Italia, walipoandaa Olimpiki ya Torino 2006, walikuwa na Wakanada wengi wenye mababu Waitalia. Wale hawakushuka kwenye ndege na kuvaa jezi, walikuwa wamecheza ligi ya Italia kwanza.

Kuhusu mlango kufungwa: kambi ni mazoezi, haimfungi. Kinachofunga ni kuchezea nchi kwenye mashindano rasmi ya IIHF. Baada ya hapo kubadili inawezekana, ila mara moja tu maishani, na muda unakuwa miaka 4 badala ya ile miezi 16. Siku atakapoitwa kwenye kikosi cha mashindano, kabla hajakanyaga barafu, andikieni shirikisho la Slovenia mkiulizia uraia wake wa pili, mjibiwe kwa maandishi. Msikubali jibu la mdomo la koridoni.

Mkwawa_Jr

Hii ya siku 480 sikuijua. Asante mzee.

BintiKilifi

Mimi nitamtetea mleta mada, maana naona anasukumwa upande mmoja.

Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akapelekwa Austria mdogo sana, akajifunza kuteleza kwenye theluji milimani huko huko, ng'ambo ya mlima tu kutoka kwa mleta mada. Angeweza kutafuta nafasi Austria. Mwaka 2018 Pyeongchang aliteleza kwa bendera ya Kenya, mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Nilikuwa shule wakati ule. Mwalimu alitupigia video darasani tukiwa tunatoka jasho, na nakumbuka tulinyamaza wote. Angekuwa ni mtu wa 20 wa Austria nani angetuonyesha?

Na Mkenya Philip Boit, Olimpiki ya Nagano 1998, alimaliza wa mwisho kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Nchi ndogo kwenye mchezo inahitaji mtu wa kuanza. Kwa hiyo baba anayeota jezi ya Kenya asiambiwe anamtesa mtoto.

Ila nakubaliana na mzee wa Toronto, kanuni ni kanuni. Simader alikuwa mchezo wa mtu mmoja, hoki ni timu na ligi.

Gongo_Mkononi

Nimechelewa kuiona hii. Mimi niko Nairobi na ni mmoja wa tunaocheza pale Panari, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Uwanja wetu ni mdogo. Wa kimataifa una urefu wa mita 60, wetu ukiuona baada ya ule wa Jesenice utadhani umeingia sebuleni kwa mtu. Barafu tunagawana na watu wanaokuja kujifurahisha na watoto wao. Wengi wetu tulianza na viatu vya magurudumu barabarani. Vifaa vingi tumepewa na wageni waliokuja kufanya kazi Nairobi na wakaacha walipoondoka. Wenzetu walipopelekwa Kanada 2018 na kukuta Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa ligi kubwa ya Amerika, wamevaa jezi yetu kucheza upande wetu, ile ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuvaa vifaa kamili vilivyolingana na kucheza na timu nyingine. Kabla ya hapo tulikuwa tunacheza wenyewe kwa wenyewe.

Kombe la Dunia la wakubwa lina timu 16 juu, chini yake kuna madaraja hadi la nne. Slovenia wenyewe wanapanda na kushuka: 2023 walishuka, 2024 wakapanda, 2025 wakanusurika, Ufaransa na Kazakhstan wakateremka. Hilo ndilo tabaka la kijana wako. Sisi bado tunatafuta uwanja wa vipimo kamili. Simwambii mtoto wa miaka 15 aache shule ya hoki aje asubiri uwanja na sisi.

Lakini mzee, umesema ni kipa, na hapa kila mtu amepita haraka. Kipa ni habari nyingine. Timu ya wakubwa ina watu 25 na makipa ni 3, wawili wanavaa, mmoja anadaka. Huko Slovenia anaweza kuwa wa nne kwa miaka 10, na ni mzuri. Na goli letu ni lile lile la dunia nzima, upana mita 1.83, kimo mita 1.22, halikupunguzwa kwa sababu uwanja ni mdogo. Mashuti ya Panari yanatoka karibu, huna muda wa kuyaona yakija. Mlete likizo ya Julai, barafu ya huko ikiwa imeyeyushwa, yetu ipo mwaka mzima. Atapigwa mashuti mengi zaidi kwa mwezi mmoja kuliko anayopata kwa miezi mitatu huko, na sisi tutapata mtu wa kuwaonyesha makipa wetu miguu inakaa vipi. Hakuna anayejifunga kwa hilo.

MtuWaLikoni

Wakuu nimesoma yote. Samahani kwa kimya cha siku nne, nilikuwa zamu za usiku.

Dada Mama Wawili, ulinigusa pabaya na ulikuwa na haki. Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimeamua kwamba najua. Jumamosi tulipotoka mazoezini nilimweleza ndani ya gari yote mawili, barua na ndoto yangu, na zile siku 480 pia. Alinyamaza hadi tukafika mlangoni. Kisha akaniuliza: "Baba, kule Nairobi makipa anawafundisha nani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Hilo ndilo ningeulizia kwanza."

Barua tumejibu jana, anakwenda kambini. Mama yake alisaini, nikasaini. Mzee wa Toronto, barua ya maswali nimeshaiandika rasimu, ikifika siku ya kikosi nitaituma.

Gongo, la Julai mke wangu amekubali wiki 5, na mwisho tutashuka Likoni. Jana usiku nilimkuta kijana stoo anafuta vikinga vyake vya zamani vya miguu, vilivyombana tangu mwaka juzi. Vifaa vya kipa ni ghali, nilitaka kuviuza. Anasema haviuzwi, vinapanda ndege. Ni vya inchi 30. Kipa wenu mdogo kabisa ana kimo gani?

Gongo_Mkononi

Ana miaka 12, kimo kama mita moja na nusu. Sasa hivi anadaka na vikinga vya mtu mzima, vinampita goti hadi pajani na anaanguka navyo. Hivyo vitamkaa. Leteni.