Mofini baada ya upasuaji: ndiyo inayoziba makohozi?

Mkulima wa Urambo: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Baba yangu mdogo alipasuliwa tumbo hapa mkoani Tabora. Siku ya tatu kifua kikajaa, makohozi yanakoroma na hayatoki. Mama mdogo kashikilia kuwa ni zile sindano za mofini, dawa ya maumivu makali. Sasa shangazi naye anapasuliwa mwisho wa mwezi ujao, na ukoo umeshakaa kikao: asichomwe mofini. Mimi naona tunakosea. Mnasemaje?

Nesi wa usingizi, mstaafu: Marahaba mwanangu. Mama mdogo wako hajakosea kote. Mofini, pethidini na fentanili ni ukoo mmoja, zote zinafifisha kikohozi na kupunguza pumzi. Kodini, ndugu yao, iliwekwa kwenye dawa za kikohozi kwa sababu hiyohiyo. Ila makohozi hayatolewi na kikohozi peke yake. Njia ya hewa imeota vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinapiga mara kumi na zaidi kila sekunde, vikipandisha ute mpaka kooni tuumeze bila kujua. Mgonjwa akiwa nusu kaputi, vijinywele hivyo vinaandamwa na mengi: hewa kavu ya mashine, gesi ya usingizi kama halotheni, atropini inayokausha ute ukawa mzito, na puto la mpira wa kupumulia uliopitishwa kooni, linaloziba njia ya ute. Yote hayo yametokea kabla hajarudishwa wodini. Baba mdogo anavuta?

Mkulima wa Urambo: Tangu ujana. Na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku kaula miaka yote.

Nesi wa usingizi, mstaafu: Basi vijinywele vyake vilichoka kabla ya kisu.

Mwalimu, Kaliua: Mama, kwa heshima yako nabisha. Hayo ya vijinywele sawa. Lakini usiku wodi imejaa, nesi ni mmoja, nani anahesabu pumzi za aliyechomwa mofini? Mimi nilimuuguza mdogo wangu, nikazihesabu mwenyewe kwa saa ya mkononi: nane kwa dakika. Naloksoni ya kuizimua ikatafutwa mpaka jasho likanitoka. Afadhali maumivu.

Nesi wa usingizi, mstaafu: Afadhali maumivu! Mwalimu, umewahi kukohoa ukiwa na mshono wa tumbo? Mwenye maumivu hathubutu. Anapumua juujuu, ute unatuama chini ya mapafu, hapo nimonia inakaribishwa kiti. Dozi ndogo inayopimwa ndiyo inayomwezesha kukaa, kukumbatia mto juu ya mshono, akakohoa, na kesho yake akatembea. Na kama upasuaji ni wa chini ya kitovu, ulizeni sindano ya ganzi ya mgongo, mara nyingi mpira hautahitajika. La nesi mmoja usiku, hapo umenishika. Ndugu afundishwe kuhesabu pumzi, zikishuka chini ya kumi aite.

Mwalimu, Kaliua: Yaani kazi ya wodi aifanye ndugu wa mgonjwa, tena tushukuru?

Nesi wa usingizi, mstaafu: Sijasema mshukuru. Dai nesi wa pili, nami nitasaini. Ila shangazi asinyimwe dawa mkisubiri. Mkulima, shangazi naye havuti?

Mkulima wa Urambo: Kiko, mama. Asubuhi na jioni.

Nesi wa usingizi, mstaafu: Akiache leo. Wiki nne kabla ya kisu zinasaidia.

Mkulima wa Urambo: Mofini nitaitetea kwenye kikao. Kiko cha shangazi mje mkichukue wenyewe.