Dola 40,000 za malipo ya awali ya nyumba: tuziweke wapi kodi isizile?

Mkazi wa Sacramento

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu. Mimi na mke wangu tunaishi California na tunawasilisha ritani moja ya kodi (fomu ya mapato ya mwaka). Kila dola ya ziada tunayopata hukatwa asilimia 24 na serikali kuu na asilimia 9.3 na jimbo. Akaunti zetu za kustaafu tunazichangia hadi kikomo. Tuna dola 40,000 tulizotenga kwa malipo ya awali ya nyumba, pengine baada ya mwaka mmoja na nusu, na kwa sasa zimo katika akaunti ya akiba ya benki. Hatutaki kuzipeleka kwenye hisa, kwa sababu fedha hizi hazina muda wa kusubiri soko lipande. Je, ndani ya akaunti ya kawaida ya uwekezaji, isiyo ya kustaafu, kuna mahali salama ambapo kodi itapungua?

Hesabu Kwanza

Ndugu, kwa mtu wa California jibu la kwanza ni dhamana za muda mfupi za Hazina ya Marekani, yaani unaikopesha serikali kuu kwa muda mfupi. Riba yake hutozwa kodi na serikali kuu pekee, kwani sheria ya shirikisho inazuia majimbo na miji kuitoza kodi ya mapato.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba benki na Hazina zote zinalipa asilimia 4, yaani dola 1,600 kwa mwaka. Za benki zitakatwa dola 384 za serikali kuu na karibu 149 za jimbo, mbaki na takriban 1,067. Za Hazina zitakatwa 384 tu, mbaki na 1,216. Ili benki iwalipe sawa na hapo ingelazimika kutoa karibu asilimia 4.56. Dhamana hizi hutolewa kwa muda wa wiki 4 hadi 52, na huuzwa kwa punguzo: unalipa pungufu ya dola 1,000, kisha unapokea 1,000 kamili inapoiva, yaani muda wake unapokwisha, na tofauti hiyo ndiyo riba. Kwa kuwa riba huhesabiwa siku ya kuiva, dhamana ya wiki 26 iliyonunuliwa Septemba itaingia katika ritani ya mwaka unaofuata.

Bi Mizania

Nakubaliana na hesabu hiyo, ila asiyependa kununua dhamana upya kila zinapoiva anaweza kutumia mfuko wa soko la fedha (mfuko wa pamoja unaowekeza katika mikopo ya muda mfupi) unaoshika dhamana za Hazina peke yake. Hapo jina la mfuko lisikudanganye. Mifuko mingi inayoitwa ya serikali hushika pia mikataba ya kuuza na kununua tena, ambayo kwa kweli ni mikopo ya muda mfupi kwa benki na taasisi za fedha, na riba ya mikataba hiyo haina msamaha wa kodi ya jimbo hata kama imedhaminiwa na karatasi za Hazina. California, pamoja na New York na Connecticut, hudai zaidi: angalau nusu ya mali za mfuko iwe katika dhamana zinazostahili mwishoni mwa kila robo ya mwaka, la sivyo msamaha wote unapotea.

Jambo linalowapita wengi ni makaratasi. Ukishika dhamana mwenyewe, riba huonekana katika kisanduku cha 3 cha fomu ya 1099-INT, taarifa ya riba unayotumiwa kila mwaka, na programu ya kodi huiondoa katika hesabu ya jimbo. Ukishika mfuko, mapato huja kwenye 1099-DIV, taarifa ya gawio, kama gawio la kawaida bila kutenganishwa. Ni juu yako kutafuta asilimia ambayo kampuni ya mfuko huitangaza baada ya mwaka kwisha na kuiingiza kwa mkono. Usipofanya hivyo utalilipa jimbo kodi ambayo hukudaiwa, na hakuna atakayekukumbusha.

Mswahili wa Houston

Sisi wa Texas hatuna kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo huangalia tu nani analipa zaidi. Lakini mbona hakuna aliyetaja nyumbani? Hatifungani za miundombinu za Kenya hazikatwi kodi, na riba yake inazishinda zote hizo.

Hesabu Kwanza

Hazikatwi kodi Kenya, kaka, lakini mkazi wa Marekani hutozwa kodi kwa mapato ya dunia nzima. Tena, kwa kuwa Kenya haikukata chochote, hakuna kodi ya kigeni ya kudai ipunguzwe hapa. Akaunti zako za nje zikizidi jumla ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka unapaswa kuziripoti, na mifuko ya pamoja ya huko huangukia kanuni ngumu mno za mifuko ya kigeni. Nyumba inanunuliwa Sacramento kwa dola. Sioni sababu ya kubeba hatari ya shilingi kwa fedha hizi.

Mkazi wa Sacramento

Nashukuru sana. Na mifuko ya soko la fedha inayoshika hatifungani za manispaa za California (mikopo kwa miji na jimbo lenyewe), isiyotozwa na serikali kuu wala jimbo?

Bi Mizania

Ni halali na inafaa kuitazama, lakini kwa mfano ule ule ingebidi ilipe zaidi ya asilimia 3.04 (zile dola 1,216 kwa 40,000) ndipo iishinde Hazina. Riba yake hupanda na kushuka sana kutoka wiki moja hadi nyingine, kwa hiyo usiamue kwa kiwango cha siku moja. Chukua wastani wa miezi kadhaa. Kwa kiwango chenu cha kodi, mimi ningeanza na Hazina, na ningepanga dhamana ya mwisho iive wiki chache kabla ya tarehe ya kukamilisha ununuzi.