UZI: Umeachwa na ndege ya alfajiri Mwanza, siku unaiokoaje? Tupeane uzoefu

Mleta uzi
Mwangaluka wakuu. Swali hili linarudi kila mara, basi tuliweke sehemu moja. Masharti mawili tu: tusisimuliane tulivyolia getini, na anayetaja muda ataje kama ni alfajiri au usiku. Wa tiketi, wa barabara, wa mizigo, karibuni.

Mkata Tiketi
Nianze na chanzo, maana wengi hawaachwi na foleni, wanaachwa na saa. Tiketi imeandikwa 05:40. Hiyo ni saa 11:40 alfajiri. Abiria anaisoma "saa tano na dakika arobaini", anakunywa chai taratibu, anafika uwanjani saa 4 asubuhi na amani zake wakati ndege ilishatua Dar zamani. Kosa lingine ni letu mawakala: tunatuma ujumbe "ndege yako saa 11:40", mteja anategesha alamu kwenye simu 11:40 vilevile. Simu haijui Kiswahili. Andika zote mbili, "05:40, yaani saa 11:40 alfajiri".

Za usiku wa manane ni balaa zaidi. Ndege ya 00:30 tarehe 15 ni usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo nyumbani unatoka jioni ya tarehe 14. Wakala asipokuandikia neno "kuamkia", muulize.

Kwa ndege za ndani kaunta hufungwa kati ya dakika 30 na 45 kabla ya kuruka, kutegemea shirika. Za kimataifa ni saa nzima au zaidi. Ndege ya saa 12 kamili asubuhi, ukifika saa 11:35 umeachwa hata kama unaiona imepaki pale. Usigombane na binti wa kaunta: idadi ya abiria na uzito wa mizigo vimeshafungwa, na hesabu za rubani zimejengwa juu ya namba hizo.

Sasa lililo kubwa. Ukishajua hutafika, piga simu KABLA ndege haijaruka, hata kama bado uko Igoma umenasa nyuma ya lori. Kabla ya kuruka wewe ni abiria anayebadili safari. Ikisharuka unaandikwa kuwa hukutokea, na tiketi nyingi za bei ya chini hufia hapo. Tena kama ulikata ya kwenda na kurudi, mfumo ukiona kipande cha kwanza hukupanda, kwa kawaida hufuta na vilivyobaki. Mtu anapanda basi hadi Dar akidhani ameokoa siku, akienda kupanda ndege ya kurudi anaambiwa jina halipo. Kwa hiyo kabla hujakimbilia basi, waombe wakulindie kipande cha kurudi, na jibu lao ulipate kwa maandishi. Uwe na ile namba ya buking ya herufi na tarakimu 6, bila hiyo mtazungushana.

Nyegezi Kona
Mkuu, hela wanayodai ni faini peke yake?

Mkata Tiketi
Hapana, ni mbili. Kuna faini ya kubadili, na kuna tofauti ya nauli. Hii ya pili ndiyo inayouma, kwa sababu viti vya bei ya chini kwenye ndege ya mchana viliisha siku nyingi, umebaki na vya juu. Waambie wazitaje kila moja peke yake. Ukiona jumla inakaribia tiketi mpya, uliza ndege ya jioni au ya kesho kabla hujalipa. Tiketi ikifa kabisa, uliza pia kodi na tozo za uwanja ambazo hukuzitumia. Mashirika mengi huzirudisha ukiomba, usipoomba wananyamaza.

Dereva wa Makongoro
Barabara. Uwanja uko kaskazini mwa mji, kama kilomita 10 kutoka katikati, unapita Kirumba na Pasiansi. Alfajiri dakika 20 zinatosha. Anayetoka Nyegezi au Buhongwa ana kilomita 20 au zaidi na lazima aukate mji wote, ajipe saa nzima. Wa Buswelu na Kiseke msiingie mjini, tokeeni Sabasaba. Gari liwekeeni miadi usiku na dereva mnayemjua, na namba ya pili ya akiba. Pikipiki na begi la kilo 23 haviendani, na mvua za ziwani hupenda kushuka usiku kuelekea alfajiri, saa ileile unayotoka.

Wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 habari ya kusubiri pantoni haipo, labda kwa anayependa kupitia Kamanga. Wa Ukerewe hamna ujanja: vukeni siku moja kabla mlale Mwanza.

Sato Mbichi
Mmesahau mzigo. Nusu ya abiria wa Mwanza wana samaki, na ndege ikikuacha saa inayohesabika ni ya samaki.

Sato aliyefungwa vizuri ametolewa matumbo na mashavu, amefutwa maji, amegandishwa saa 24 hadi ukimgonga analia kama kuni. Kila mmoja nailoni yake, halafu gazeti, halafu deli (boksi la kutunza baridi) lijazwe hadi juu. Nafasi tupu ziba kwa magazeti, kwa sababu hewa ndiyo inayoyeyusha. Barafu ya kumwaga usiweke, ikigeuka maji boksi linavuja na kaunta wanalikataa.

Umeachwa? Usifungue deli "kuangalia". Liweke kivulini, juu ya kitu, lisiguse sakafu yenye joto. Pitisha kidole kwenye kona ya chini: ikiwa kavu, una muda wa kungoja ndege ya mchana. Ikiwa na unyevu, rudi Kirumba utafute friza. Ukibonyeza samaki kidole kikazama, usimgandishe tena, nyama itakuwa majimaji. Mkaange au mbanike leoleo, ukubali hasara ndogo. Dagaa wakavu hawana neno, ila nailoni mbili, tafadhali.

Abiria wa SGR
Ndege zikijaa, hasa Desemba: basi Mwanza–Dar ni zaidi ya kilomita 1,100. Ya alfajiri utakuwa umeyakosa, lakini mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena 2023, kwa hiyo yapo ya mchana na jioni. Wengine hushuka Dodoma, wanalala, asubuhi wanapanda treni ya umeme, chini ya saa 4 wako Dar. Treni hiyo kwa Mwanza bado, kipande cha Isaka kinajengwa.

Nyegezi Kona
Na mwenye ndege ya nje kutokea Dar usiku huo?

Mkata Tiketi
Ikiwa safari yote iko kwenye tiketi moja, pigia shirika lililoikata, wao ndio wa kukupangia upya. Ikiwa ni tiketi mbili tofauti, shirika la pili halikudai wala hulidai: wapigie mapema ubadilishe mwenyewe. Acha saa 4 au 5 katikati, maana za ndani nyingi hushukia Teminali 2, unachukua begi lako, unahamia Teminali 3, unapanga foleni upya. Na ukipata ya mchana kutoka Mwanza, pima begi kabla hujaondoka. Kilo ulizoruhusiwa za ndani zinaweza kuwa pungufu kuliko za nje, na tofauti utailipia palepale kaunta.