Spika ya kwaya inapuliza "fsss" besi ikipigwa: upepo unatokea wapi?

Mpiga besi, Nyalenda

Habari zenu mafundi. Mimi napiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu hapa Nyalenda, Kisumu, na vyombo vyote viko mikononi mwangu. Tuna spika mbili za inchi 15. Maboksi tulichongewa na seremala wa Kibuye, plaiwudi ya milimita 18, na yametufaa miaka sita bila kelele. Sasa la kushoto limeanza vituko. Nikigonga ule uzi mnene kabisa bila kuubana, inatoka "fsss" kama baiskeli iliyochomwa mwiba, na besi yenyewe haina kifua. Nikipanda kwenye nyuzi nyembamba, safi kabisa.

Nilimpelekea fundi mmoja, akasema koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, imechoka. Akaweka koni mpya na koili, shilingi 3,500. Tukarudisha kanisani, tukawasha: "fsss" ileile. Kinachoniuma ni kwamba hizo pesa akina mama wa sauti ya kwanza walichanga hamsini hamsini. Wiki tatu zijazo tuna harusi ya mwenzetu, na siwezi kusimama mbele yao tena kuomba mchango.

Nimejaribu mambo mawili. Nimebadilishana nyaya za kushoto na kulia, mlio ukabaki kwenye boksi lilelile. Halafu nikaziba lile tundu la duara la mbele kwa tambara, mlio ukazidi. Naomba anayejua anieleze: upepo unatokea wapi, na naziba na nini?

Fundi redio, Kakamega

Pole ndugu. Kwa kuwa koni imebadilishwa, angalia kile kifuniko cha mviringo katikati yake. Gundi ikishika upande mmoja tu, upepo hupenya pale na kupiga filimbi. Kiguse kwa kidole wakati besi inacheza. Mlio ukibadilika, umeshampata.

Mchonga maboksi, Nakuru

Kijana wangu, wewe umeshajipa nusu ya jibu. Ulipoziba tundu la mbele mlio ukazidi, maana yake upepo ulinyimwa mlango wake ukasukumana kutokea kwenye ufa. Hilo tundu liliwekwa kwa hesabu, linasaidia besi ya chini. Usilizibe kabisa, ila wakati wa kupima tu.

Uzi wako mnene bila kubanwa ni kama hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Maboksi mengi ya namna hiyo, presha ya ndani huwa kubwa kwenye ujirani huo, ndiyo maana nyuzi nyembamba hazikusumbui. Boksi likivuja, presha inapotea pembeni badala ya kusukuma hewa ya tundu, na kifua cha besi kinaenda nayo.

Pima hivi. Zima amplifaya. Mwenzako azibe tundu kwa kiganja, abane sawasawa. Wewe sukuma koni kwa vidole vyote, taratibu, ukiitandaza mikono pande zote mbili isiende mshazari, kisha iachie. Boksi likiwa zima, koni hurudi polepole kama mtu anayeamka. Ikirudi mara moja, kuna mahali panavuja.

Kupata mahali penyewe, tumia programu ya simu inayotoa mlio, weka hezi 40, sauti ya wastani. Chukua mpira wa maji wa nusu mita, ncha moja sikioni, nyingine uitembeze kwenye kila kiungo, kwenye vishikio, kwenye kibati cha nyuma cha kuchomekea waya, kuzunguka ukingo wa spika. Ukipita kwenye ufa utasikia. Kuthibitisha, funga madirisha na usogeze moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma, kwa nje tu. Moshi utacheza penye tundu.

Na nakuuliza: fundi aliyebadilisha koni alirudisha sponji ya ukingoni? Wengi huichana wakitoa spika, wakirudisha wanafunga chuma juu ya mbao kavu.

Mhudumu wa matangazo, Bungoma

Nyongeza kwa mzee. Usikimbilie silikoni inayonuka siki. Harufu ile ni asidi, na asidi hula shaba. Mimi niliipaka ndani nikafunga spika jioni hiyohiyo, baada ya miezi vile vijiwaya vya koili vikawa vya kijani. Viungo vya mbao tumia gundi nyeupe ya mbao.

Mpiga besi, Nyalenda

Nimerudi. Mzee wa Nakuru, shikamoo, na asante sana. Koni ilirudi kwa kishindo, hata kijana aliyeziba tundu alishtuka. Kifuniko cha katikati kiko sawa, ndugu wa Kakamega. Sponji ya ukingoni kweli ilikuwa imechanika, robo nzima haipo. Lakini ile "fsss" yenyewe niliikuta kwa mpira wa maji chini kabisa, kiungo cha nyuma na sakafu ya boksi. Moshi ulilala pale kama unavutwa na mtu.

Hapo nikakumbuka. Aprili tulienda matanga Ahero, mvua ikatukuta usiku, boksi la kushoto likasimama kwenye matope hadi asubuhi. Plaiwudi ya chini imevimba na tabaka zimeachana.

Sasa mzee, mbao bado ina unyevu kwa ndani. Naweza kupaka gundi hivyohivyo?

Mchonga maboksi, Nakuru

Hapana. Gundi haishiki mbao mbichi. Toa spika, weka alama waya chanya na hasi, acha boksi kivulini penye upepo siku nne au tano. Jua kali litalipinda. Kisha lilaze ufa uwe chini, mimina gundi iliyolegezwa kwa maji kidogo iingie yenyewe, bana kwa jeki za seremala usiku mzima. Kesho yake weka papi la mbao kwenye kona hiyo kwa ndani, gundi na skrubu. Ukingoni, kata tyubu ya baiskeli kwa duara la spika, na ukikaza skrubu kaza za mkabala, kama nati za gurudumu. Usikaze kupita kiasi, mashimo yatalegea.

Mpiga besi, Nyalenda

Nimemaliza jana. Gundi na papi shilingi 450, tyubu nilipewa na jirani. Koni sasa inarudi polepole, nimehesabu hadi mbili. Nilipogonga uzi mnene, viti vya plastiki vya mbele vilitetemeka, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akasimama akapiga kigelegele kabla hatujaanza wimbo. Nimewaambia pesa zao za koni nimezipigania hadi mwisho.

Boksi la kulia nalo nimelipima, ni zima. Jumamosi nayawekea yote mawili miguu ya mpira, na nimeagiza kipande cha turubai cha kuyafunika tukienda matangani.