Mjadala: Fedha za wafadhili Kongo mashariki, zinajenga au zinalea vita?

Mtu wa Ujiji: Wakuu, Marekani ilipokata misaada Januari 2025 kila mtu aliililia Kongo, maana mwaka uliotangulia karibu asilimia 70 ya fedha za kibinadamu huko zilitoka kwa huyo mmoja. Nauliza: kikosi cha Umoja wa Mataifa kipo tangu 1999, kinakula karibu dola bilioni moja kwa mwaka, mashirika hayahesabiki, na waliohama makwao ndani ya nchi walikuwa wamepita milioni 7 mwanzoni mwa 2025. Nani kafaidi? Mimi nawaona madereva wa Land Cruiser nyeupe tu.

Dereva Mstaafu: Hapo umenigusa. Nimeendesha hayo magari huko Kongo, Sake hadi Masisi, tope hadi mlangoni, kila kizuizi kijana na bunduki yake. Mshahara ule ulisomesha watoto wangu na wa marehemu dada. Wewe ulikuwa wapi? Ujiji unakula mgebuka.

Mtu wa Ujiji: Sijakutaja wewe mzee, nimesema mfumo.

Dereva Mstaafu: Umeandika madereva. Mfumo hauna leseni.

Mama Furaha, Goma: Bandugu, miye nilikuwa kambi ya bakimbizi ya Bulengo, hapa Goma. Februari 2025 baasi ba M23 balitupa saa 72, kila mutu arudi kwabo. Kwetu nyumba iko majivu. Uwanja wa ndege ulifungwa, banki zilifungwa. Nyie munabishana juu ya dereva?

Kasulu Kwetu: Pole mama. Lakini na sisi wenyeji tusemewe. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapa kwetu Kasulu, ipo tangu 1996, mapori yetu yameishia kwenye kuni zao. Wao wanakula bure, mimi nalima.

Mjukuu wa Kambi: BURE? Mgao ulikatwa hadi nusu 2023. Kabla ya hapo, 2017, serikali yenu ilisimamisha fedha taslimu, na 2019 soko la pamoja likafungwa. Ukitoka bila kibali unakamatwa. Mnamfunga mtu miguu, halafu mnamcheka kwamba hatembei. Na pale sokoni nani alikuwa anatuuzia mihogo? Si nyinyi watu wa Makere?

Kasulu Kwetu: Tuliuza, ndiyo. Na baiskeli zetu zikaibwa, hilo nalo liseme.

Mjukuu wa Kambi: Nilijua tu tutafika kwenye baiskeli.

Mwalimu K: Jamani, swali ni la fedha. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa tangu 2012 zinaeleza jinsi Rwanda inavyowasaidia M23. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ukasaini na Kigali makubaliano ya madini. Miezi michache baadaye M23 wakauchukua mji wa Rubaya, kwenye machimbo ya koltani, madini ya kutengenezea simu. Yaani Brussels hiyohiyo inayonunulia mkimbizi turubai ndiyo inayokwenda kuzungumza madini na jirani anayetuhumiwa kumkimbiza. Kinshasa nayo ina lawama zake, jeshi ambalo askari wake halipwi kwa wakati halilindi kijiji. Na hao askari wa Umoja wa Mataifa, wa kofia za bluu, walikuja kupiga picha tu.

Bendera Juu: Hilo la picha ulifute! Semuliki, huko huko Kongo, Desemba 2017, wanajeshi wetu wa Tanzania 14, au 15, waliuawa kwa shambulio moja. Na 2013 M23 walifurushwa na nani? Brigedi ya Umoja wa Mataifa, sisi, Afrika Kusini na Malawi, kamanda Mwakibolwa, Mtanzania. Mwalimu gani wewe?

Mwalimu K: Kwa hiyo koltani huna neno?

Bendera Juu: Ninalo. Heshima.

Dereva Mstaafu: Bendera, 2013 na jeshi la Kongo lilikuwepo, usilisahau. Walipigana kweli wakati ule.

Bendera Juu: Walipigana kwa sababu tulikuwa mbele.

Mtu wa Ujiji: Mada imeshapotea hii. Basi nibadilishe swali: ungekuwa na dola mia yako, ungelipa shirika au ungempa mtu mkononi?

Mjukuu wa Kambi: Mtu mkononi. Shirika litaanza na semina hotelini.

Dereva Mstaafu: Na chanjo ya surua utainunua mkononi? Friji ya dawa je?

Kasulu Kwetu: Mama Furaha, sasa unaishi wapi? Mtu akituma kitu kinakufika?

Mama Furaha, Goma: Niko Ndosho kwa shangazi, chumba moja, bantu tisa. Vya simu vinafika, ila wakala anakata yake, na siku ingine hana noti.

Bendera Juu: Wakuu angalieni, matapeli wamejaa. Leo Bulengo, kesho namba ya simu.

Mama Furaha, Goma: Namba gani nimeandika hapa? Nani amekuomba, baba? Weka feza yako.

Kasulu Kwetu: Bendera umezidi sasa. Mwombe radhi.

Bendera Juu: Nimetahadharisha tu. Na lile la picha bado halijafutwa.